Ncha ya Mkate wa Mapeasi

Jumapili, 6 Oktoba 1957

Mdomo wangu utaniponza. Leo tumetoka misa, Bwana Engelbert akaja na Baba mpaka nyumbani kunywa pombe ya mapeasi, kama kawaida yake tangu Mama atutoke. Baba akatazama dirishani. Mti umeinama kwa matunda. Akasema mwaka huu mapeasi yote yaende pipani, mkate wa Krismasi basi tena, maana aliyekuwa anajua kuyakausha yuko makaburini tangu Machi.

Mimi nimesimama na sahani mkononi. Nikasema: mkate upo. Nitayakausha mwenyewe, na mkate utakuwepo.

Engelbert akatabasamu, masikio mekundu. "Basi Siku ya Stefano nitapita kukata ncha."

Baba akacheka. Baba! Mara ya kwanza tangu mazishi. Akampiga mwenzake begani, na hapo ndipo nilipoona nimejitia wapi. Kwetu hapa neno hilo halisemwi kwa mzaha. Msichana anaoka mkate wa mapeasi, Siku ya Stefano, tarehe ishirini na sita Desemba, mwanamume anakuja, mkate unawekwa mezani mzima. Msichana akimpa kisu, na yule akakata ncha — kile kipande cha kwanza kabisa, chenye ganda gumu — imekwisha. Kinachobaki ni kwenda kwa paroko kupanga tarehe.

Na asipompa kisu? Sijui. Sijawahi kuona.

Jumatano, 9 Oktoba

Mapeasi yako darini juu ya majani makavu. Lazima yalale kwanza mpaka yalainike na ndani yawe rangi ya udongo, ndipo yaende motoni. Mama alikuwa akiyabonyeza kwa kidole gumba, hapa karibu na kikonyo. Na mimi ninabonyeza. Sijui ninatafuta nini.

Engelbert si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mlevi ningejua la kusema. Ana miaka arobaini na mmoja, mkewe alikufa miaka mitatu iliyopita, mashamba yake yanapakana na yetu pale kwenye kijito. Ng'ombe wake wasafi. Buti zake anazivua mlangoni bila kuambiwa.

Leo jioni nilikuwa nakamua, wao wako upande wa pili wa ukuta wa zizi. Nimesikia kila neno. Engelbert anasema mashamba yakiunganishwa trekta litataka nafasi ya kugeukia, kwa hiyo mti wa mapeasi itabidi ung'olewe. Na tanuri la uani lina kazi gani tena, siku hizi mkate unanunuliwa kijijini. Baba akasema "hm." Hm tu! Mti alioupanda babu yake. Kisha akaongeza kwamba yeye shida yake ni moja, aone mwanamume kwenye shamba hili kabla hajafa.

Nikaendelea kukamua. Mimi ndiye ninayekamua, ninayekata nyasi, ninayezalisha ng'ombe, ninayepanda juu ya paa vigae vikivuja. Nimeanza nikiwa na miaka kumi na mmoja, kaka yangu Matthias alipokwenda vitani na kupotea huko Urusi. Miaka kumi na mitatu sasa. Koti lake bado liko kwenye msumari mlangoni, Baba hataki liguswe. Mimi niko hai, na koti lina nafasi kubwa kunishinda.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya kuoka. Tunaoka kila baada ya wiki mbili, na mapeasi huingia tanurini mikate ikishatoka, moto ukipoa kidogo. Kidogo ndiyo kiasi gani? Mama hakuwa na kipimajoto. Alikuwa anaingiza mkono ndani ya tanuri na kusali Salamu Maria moja. Ukiimaliza bila kuchomoa mkono, basi joto ni la mapeasi. Ukishindwa, ngoja.

Nikaingiza mkono. Nikasali. Nikamaliza. Nikasukuma nyungo tatu ndani, nikafunga mlango.

Saa kumi na mbili jioni nimefungua. Yamepasuka yote, maji yake yamemwagika yakaungua, meusi, yamegandia kwenye ungo. Ua mzima unanuka sukari iliyoungua. Theluthi ya mavuno imekwenda.

Niseme kweli, maana hapa hakuna anayesoma. Kwa dakika moja nilifurahi. Hakuna mapeasi, hakuna mkate, hakuna kisu. Halafu nikamwona Baba anaziangalia zile nyungo na kutikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejua toka mwanzo, na furaha yangu ikageuka nyongo. Sitashindwa mbele ya kichwa kile.

Jumapili, 13 Oktoba

Shangazi Rosalia ndiye aliyegundua kosa. Ni dada yake Baba, anaishi chumba cha nyuma ya jikoni tangu kabla sijazaliwa, na hakuna kinachompita. Tukiwa njiani kutoka rozari akanishika mkono.

"Zenzi, jana ulisali kama ulivyosali leo?"

Nikasema ndiyo, kwani nisali vipi.

"Basi nimeelewa. Wewe unasali kama mbuzi anayefukuzwa na mbwa. Salamu Maria moja ya mama yako ni tatu zako."

Paroko alikuwa nyuma yetu na mwavuli wake. Akasema yeye ananiambia hivyo tangu komunyo ya kwanza, ila hakujua kwamba na mapeasi yangeumia. Wakacheka wote wawili. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini wako sahihi. Nilipima moto kwa pumzi yangu, badala ya kupima kwa pumzi ya Mama.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimeoka mikate minane. Kisha nimekaa mbele ya tanuri nikijaribu kuikumbuka sauti yake. Alikuwa anavuta pumzi katikati ya sala, ndefu, mpaka nikiwa mdogo nilikuwa nadhani amesahau maneno. Nikaingiza mkono, nikasali hivyo hivyo, na hiyo pumzi ndani yake. Nikachomoa. Nikangoja. Nikaingiza tena, nikachomoa. Mara ya tatu nikafika Amina.

Nimelia kichwa kikiwa nusu ndani ya tanuri. Walioniona ni kuku tu.

Jioni mapeasi yametoka vizuri. Yamenywea, ngozi nzima, hakuna lililopasuka. Sasa yakae juu ya jiko la vigae linalopasha joto chumba, yageuzwe asubuhi na jioni, na siku ya kuoka ijayo yarudi tanurini. Baba amepita, ametazama. Kichwa hakutikisa.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Kijiji kizima makaburini. Engelbert aliwasha mshumaa kwa mkewe, akasimama kidogo, kisha akaja akawasha wa pili kwa Mama. Hakujionyesha. Alivua kofia na mvua ikawa inamnyeshea kichwani. Nikamwonea huruma. Afadhali ningemchukia, ningepumzika.

Njiani alinisogelea. "Zenzi, mimi maneno sina. Tarehe ishirini na sita nitakuja. Kama hutaki nije, niambie mapema. Sitakasirika."

Baba alikuwa hatua tatu nyuma yetu. Nikasema mvua itageuka theluji. Ndivyo nilivyomjibu mtu aliyeniuliza jambo la maisha yangu. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatatu, 4 Novemba

Ukungu. Mapeasi yote ya juu ya jiko yameota ukungu, mengine mweupe, mengine wa kijani. Jana mimi na Baba tulikuwa kwa ndugu zake Mama kutwa nzima, leo asubuhi nakuta nyungo zimefunikwa blanketi. Chini yake joto na unyevu, yametoka jasho yenyewe kwa yenyewe. Nikaenda jikoni. Shangazi anamenya viazi.

"Nani amefunika?"

"Mimi. Vumbi."

"Blanketi la farasi, Shangazi? Kwa ajili ya vumbi?"

Akaweka kisu chini. Akaangalia kama mlango umefungwa. Akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Bila mapeasi hakuna mkate. Bila mkate hakuna kisu. Nilidhani utanishukuru."

Nilitaka kupiga kelele. Na yeye akanieleza jambo ambalo sijawahi kulisikia katika nyumba hii. Mwaka elfu moja mia tisa ishirini na moja na yeye alioka. Mtu alikuwa anakuja kukata ncha, mtu ambaye hakumtaka. Asubuhi ya Siku ya Stefano akautupa mkate wake kwa nguruwe. Yule mtu akaja, akakaa, akanywa, akaondoka. Hakuna aliyemgombeza. Na tangu siku hiyo, anasema, hakuna aliyemuuliza tena kitu chochote, hata kama anataka supu au mboga.

"Sikusema hapana, Zenzi. Nilisema mkate hakuna. Wakaelewa kwamba mimi ni mtu wa kukosa."

Miaka thelathini na sita nyuma ya jikoni. Nikakaa. Hasira ilikuwepo bado, ila haikujua imwendee nani. Nikamwambia sitaki kuokolewa na ukungu.

"Basi unataka nini, wewe mtoto?"

"Nataka shamba."

Limetoka. Sijawahi kulisema kwa sauti. Si Engelbert, si mjini, si mtu mwingine yeyote. Hili shamba, liandikwe jina langu. Shangazi akatazama tena mlango. Akasema hilo nisimwambie hata nguruwe.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimepiga magoti chini ya mti tangu kumekucha. Mapeasi ya mwisho, yaliyoangukia kwenye nyasi, madogo, umande umeganda juu yake, mengine yametobolewa na nyigu. Vidole vimekufa ganzi. Mara nikaona aproni nyeusi karibu yangu. Shangazi. Ameinama na mgongo wake ule mbovu, anaokota. Kila moja analigeuza, analikagua, anatupa au anaweka.

Tumepata ungo mmoja, na haukujaa. Ndiyo yote yaliyobaki.

Tanuri: mkono ndani, sala na pumzi yake. Leo mara ya pili tu nikafika Amina. Shangazi alikuwa nyuma yangu anasali pamoja nami, kwa mwendo huo huo.

Jumamosi, 23 Novemba

Raundi ya pili tanurini. Wiki mbili nimeyalinda juu ya jiko kama mgonjwa. Hakuna blanketi, hakuna paka, dirisha wazi kidogo mchana ili unyevu utoke. Baba analalamika chumba ni baridi. Avae koti. Analo moja la ziada mlangoni.

Hilo la mwisho sikulisema. Nimeliandika tu, na nimeona haya.

Jumapili, 1 Desemba

Nimekutana na Engelbert mlangoni mwa kanisa. Nilikuwa nimepiga moyo konde kumwambia asije. Maneno nilishayapanga usiku kucha. Akanitangulia: amesikia mapeasi yangu yamekubali, hongera, mkewe hakuwahi kuyaweza, yaliota ukungu kila mwaka. Akacheka kidogo, peke yake.

Nikasema ahsante. Ahsante! Na Baba akatokea, wakaanza habari za ng'ombe. Bado siku ishirini na tano.

Jumamosi, 7 Desemba

Yamekauka. Nimepasua moja, nikalibana kwa vidole kwa nguvu zote, halikutoa hata tone. Linakunjika kama ngozi ya kiatu na halivunjiki. Ndani ni meusi kidogo, yananata, matamu kupita kiasi. Nimeyatia kwenye mfuko wa kitani wa Mama na kuutundika karibu na bomba la moshi. Mfuko mdogo. Zamani tulitoa mikate sita. Huu unatosha mmoja.

Mkate mmoja, ncha moja. Shangazi ameuliza nitafanyaje. Nimemwambia sijui. Kweli sijui. Kila ninavyofanikiwa kwenye ungo ndivyo ninavyojisogeza karibu na meza ile.

Jumamosi, 21 Desemba

Siku ya Mtakatifu Tomaso, siku ya mkate wa mapeasi. Jana nimeyaloweka na kuyachemsha kidogo, nimeyakata, nimechanganya na zabibu kavu, njugu, mdalasini, karafuu, na gongo la plamu la Baba — zaidi kidogo kuliko Mama alivyokuwa akiweka. Unga wa nje mwembamba, nikaufunga kama mtoto mchanga. Mkate umetoka mweusi na unang'aa. Hauna ufa hata mmoja.

Peasi moja kavu lilikuwa limebaki mezani. Baba ameingia kuchukua kiberiti, akalitia mdomoni bila kufikiri. Akasimama. Akatafuna polepole sana.

"Theresia," akasema. Jina la Mama. Alikuwa hajalitamka tangu Machi.

Akatoka bila kiberiti. Nimemwona dirishani amesimama chini ya mti, theluji inamwangukia, na sikujua niende au nikae. Nimekaa.

Jumatano, 25 Desemba

Nimemwambia. Baada ya chakula cha mchana, Shangazi yuko kwa nguruwe, tumebaki wawili. Mikono nikaiweka chini ya meza. Nikasema: "Baba, niandikie mimi shamba."

Nilijiandaa kwa makelele. Nilijiandaa kwa kicheko. Hakufanya lolote kati ya hayo. Akageuka, akatazama mlangoni, kwenye msumari.

"Na Matthias je?"

Nikasema Baba, wafungwa wa vita wa mwisho walirudi miaka miwili iliyopita.

"Mume wako atalishika tu," akasema. "Kulishika ni kulishika, si kulirithi. Nikikuandikia wewe, mtoto wa nyumba hii, nitakuwa nimesaini kwamba kaka yako amekufa."

Kumbe. Miaka yote nilidhani hanioni. Ananiona sana. Kunipa mimi ni kumzika yeye. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtikisa. Nikaondoa sahani.

Mlangoni nikasema, sikugeuka: "Mimi pia ni mtoto wako, na mimi nipo." Jikoni Shangazi alikuwa amesimama na ndoo tupu. Sijui amesimama hapo tangu lini.

Alhamisi, 26 Desemba

Naandika haraka, penseli, jikoni, nimesimama.

Engelbert amekuja saa nane kamili. Suti ya misa, buti amezivua mlangoni. Ameleta kitambaa cha gauni, cha buluu, ameshindwa kukitoa mkononi mpaka Baba akakipokea. Nikamwita kando, kwenye ukumbi, karibu na lile koti. Nikamwambia nilitakiwa kusema hili siku ya Watakatifu Wote na sikuwa na ujasiri, anisamehe, kisu sitampa.

Akatazama soksi zake. "Ni kwa sababu ya mti?"

Nikasema kwa sababu ya mti pia.

"Mti ungeweza kubaki," akasema. Kisha: "Ningejua, buti nisingezivua, ningetoka haraka." Akajaribu kucheka. Ilinichoma. Nikamwambia abaki, anywe, asiondoke kama mwizi. Amebaki. Ameketi mle chumbani na Baba, na Baba hajui kitu. Anangoja.

"Zenzi, mkate!" Ameita mara moja.

Mkate uko hapa mbele yangu, mzima. Kisu kiko hapa. Shangazi yuko kwenye kigoda chake, mikono mapajani, ananitazama. Nguruwe wako nje, mlango wa nyuma uko wazi. Shangazi ametazama mlango ule, kisha ameinuka, ameufunga kwa komeo. Amerudi kukaa.

"Zenzi. Kisu." Mara ya pili.

Nimeweka kiganja juu ya mkate. Nimesali Salamu Maria, kwa mwendo wa Mama, na pumzi yake katikati. Nimefika Amina na mkono haujaondoka.

Nimekata ncha mwenyewe.

Ganda gumu, ndani yote ni mapeasi. Nimeila, nimesimama, nzima nzima. Shangazi ameziba mdomo kwa aproni. Hakuna msichana wa hapa aliyewahi kufanya hivi, au kama yupo hakuna aliyetusimulia.

Hatua za Baba ukumbini. Anaburuta mguu wa kushoto, baridi inamsumbua. Anasimama karibu na msumari. Anakuja.

Amefungua mlango. Ameuona mkate. Ameona makombo mdomoni mwangu. Naandika ili nisimtazame, mwandiko unakwenda upogo.

Mkate una ncha mbili. Nimeugeuza. Kisu nimekielekeza kwake, mpini mbele: akikata, amenikubali mimi.

Anakitazama. Ametoa mkono mfukoni, anaunyoosha kwenye mpini —